Fundi wa paa: afungwe mkanda au ajengewe ukingo?

Fundi akianguka kutoka kwenye paa tambarare, swali la kwanza huwa: je, alivaa mkanda wa usalama? Ni nadra kuuliza kwa nini paa lilichorwa bila ukingo.

Tufanye hesabu ya mkanda. Kamba ya mita 1.8 hunyooka yote, kipunguza mshtuko hufumuka kwa takriban mita 1, na miguu ya fundi huning'inia mita 1.5 chini ya pete ya mgongoni. Ukiongeza mita 1 ya tahadhari, unahitaji zaidi ya mita 5 chini ya kifungio, yaani mahali kamba inapofungwa. Kama kifungio kiko kwenye usawa wa paa la mita 4, fundi anapiga ardhi akiwa amevaa mkanda kama alivyoagizwa.

Ukuta wa ukingo wa mita 1.1 hauhitaji hesabu hiyo, wala haumtegemei fundi kukumbuka kujifunga. Upimwe kutoka uso wa mwisho wa paa, si kutoka kwenye zege: anayekuja kuongeza sentimita 15 za kuzuia joto anaubakiza chini ya mita 1.

Wanaoupinga si wabishi tu. Ukingo hugeuza paa kuwa beseni. Mfereji ukizibwa na majani, sentimita 10 za maji ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na slabu inaanza kulemewa. Kwa hiyo matundu ya dharura ya kumwaga maji yapitishwe ukutani, juu kidogo ya usawa wa mfereji. Gharama nayo ipo, na mwenye jengo anailipa leo kwa ajili ya fundi atakayekuja kuziba uvujaji miaka 20 baadaye. Hata hivyo, kwa paa tambarare nauchagua ukuta.

Kwenye moshi wa lami inayochemshwa ili kuziba paa, mizani haiko wazi hivyo. IARC, shirika la utafiti wa saratani, limeiweka kazi ya kuezeka kwa lami iliyooksidishwa (iliyopulizwa hewa ikiwa moto ili iwe ngumu) katika kundi 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa kwamba inasababisha saratani. Msanifu anaweza kuchagua utando wa kuzuia maji unaojigandisha wenyewe, na sufuria ya lami ikaondoka. Lakini asome pia maelekezo ya kupaka rangi ya awali, ile inayotangulia utando: ikiwa imechanganywa na kiyeyusho badala ya maji, umebadilisha moshi kwa mvuke unaoshika moto. Utando wa kufungwa kwa skrubu huepuka yote mawili, ila fundi hushinda amepiga magoti.

Mabati ya plastiki ya kuingiza mwanga hayana utetezi. Jua huyakausha, mtu huyapaka rangi, kisha hayatofautiki na chuma, na fundi akiyakanyaga humpasukia akadondoka. Wavu wa chuma chini yake ufungwe siku ya kuezeka.

Paa lenye mwinuko mkali bado litahitaji mkanda. Hapo vifungio vifungwe kwenye kenchi, na nafasi na uwezo wa kila kimoja viandikwe kwenye ramani anayobaki nayo mwenye jengo. La sivyo, fundi wa miaka ijayo ataifunga kamba yake kwenye bomba la antena.