Mmemziba Bibi Mwanya

Jumapili nimefungua simu nikakuta bibi yangu, tuliyemzika zaidi ya miaka ishirini iliyopita, ananipepesea macho. Ni kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Kijana mmoja wa kwetu, simtaji maana bado nampenda, kachukua picha ya bibi aliyopiga studio mwaka 1972, kaiingiza kwenye programu ya akili mnemba, ikatoka na rangi, ngozi nyororo kama sabuni mpya, na tabasamu la tangazo la dawa ya meno. Chini kaandika: "Bibi kafufuka!" Mioyo myekundu ikamiminika.

Mimi nikaandika: "Mmemziba mwanya."

Kimya.

Jamani, mwanya wa bibi! Babu mwenyewe alikuwa hafichi kwamba posa ilitokana na mwanya ule. Sasa mashine imeona pengo, ikadhani ni kasoro, ikajaza kama fundi wa zege. Halafu tabasamu lenyewe kalitoa wapi? Studio za wakati ule ulikaa kama uko mbele ya hakimu. Filamu ilikuwa hela, mpiga picha anabonyeza mara moja, ukipepesa umejipepesea, nenda kachukue ukumbusho wako wiki ijayo ukiwa umefumba macho.

Najua mtakachosema: studio nazo zilikuwa waongo wakubwa. Haya, ni kweli. Pazia lilichorwa bustani ambayo Tanga nzima haipo. Redio mezani haina betri. Koti moja la studio limevaliwa na nusu ya wanaume wa Ngamiani, na saa ya mkononi ni ya kuazima. Wapo waliopaka hata midomo rangi kwa brashi, juu ya karatasi. Nakubali, ingawa kwa shingo upande. Lakini uongo ule alijichagulia mwenyewe mwenye sura yake, na aliulipia.

Ila mwanya ningeusamehe. Kilichonikosesha usingizi ni kanga.

Kwenye picha ile bibi kasimama, mkono kauweka begani kwa wifi yake aliyekaa kwenye kiti. Wifi kavaa gauni na miwani ya jua, ndani ya nyumba. Bibi kajifunga kanga. Sasa, yeyote aliyewahi kujifunga kanga anajua jina, yaani ule msemo ulioandikwa, hukaa nyuma, huko linakosomwa na wanaokufuata njiani. Bibi kalizungusha likaja mbele, likanyooka mapajani bila kikunjo hata kimoja, kama bango. HASIDI HANA SABABU. Kwenye ile picha nyeusi na nyeupe unalisoma bila miwani.

Na kuna jambo lazima mlijue hapa. Mwaka 1970 ulikuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, Mwalimu Nyerere kautangaza, nchi nzima watu wazima wakabeba madaftari. Bibi alikwenda kisomo jioni baada ya shamba, na kitoto mgongoni. Wifi alikataa. Alisema ngumbaru ni mahali pa wanawake wasio na kazi nyumbani, na alilisema mbele za watu. Bibi hakujibu kitu. Alisubiri miaka miwili, akajua kusoma, akanunua kanga, akamwalika wifi yake mpenzi wakapige picha ya ukumbusho. Wakasafisha nakala mbili. Moja akampa wifi kwa mikono miwili, nyuma kaandika kwa hati yake mpya iliyolala upande, "Kwa wifi yangu, kwa ukumbusho."

Wifi akaitia kwenye fremu. Ipo ukutani Muheza mpaka leo, juu ya kabati la vyombo. Watoto wake wamesoma mpaka chuo kikuu na hakuna aliyewahi kusema neno. Ama hawajaiangalia vizuri, ama wameiangalia.

Sasa tazama kazi ya akili mnemba. Kanga imepata rangi ya chungwa, sijui kaambiwa na nani, na pale penye jina pana vijimchoro kama nyayo za kuku. Herufi zote zimekwenda. Mashine nayo haikwenda kisomo! Miaka miwili ya daftari na kibatari, na subira ambayo mimi sina, vimefutwa kwa sekunde tano ili bibi apendeze. Amependeza kwa nani? Bibi hakwenda studio kupendeza. Alikwenda kusema.

Kundini wakaona nimechafua hali ya hewa, mjomba mmoja akageuza maongezi, akaanzisha sinema za zamani. Hapo ndipo ukoo wetu unapong'ara. Kila mjomba aliingia Majestic bila tiketi. Kila mjomba alikuwepo Drive-in ya Msasani ilipofunguliwa 1966, akiwemo mmoja ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema 1965. Waongo, ila nawapenda, maana Tanzania Bara tulikaa bila kituo cha televisheni mpaka 1994, na picha ya Kihindi wengi wetu tuliiona kwa mdomo wa mtu. Mmoja anakwenda kuangalia, wiki nzima anatuhadithia barazani, ngumi anapiga yeye, kilio analia yeye, wimbo anaimba kwa Kihindi cha kubuni. Steringi hafi. Ukimwambia arudie, picha inakuwa ndefu zaidi. Wale waliongeza chumvi kwa pakacha, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kupunguza kitu.

Nilimwandikia kijana pembeni, kwa upole, arudishe ile ya zamani kundini, na mikwaruzo yake na doa la chai. Karudisha, na samahani juu. Mtoto mzuri.

Shida ni kwamba kabla hajairudisha, mimi kwa hasira nilikuwa nimeshaandika mbele ya wote kuwa maneno ya kanga yamefutwa. Na kundi la ukoo lina watu wa pande zote. Mjukuu wa wifi, msichana mpole, mwalimu, akauliza:

"Kwani iliandikwaje?"

Leo siku ya tatu. Naandika, nafuta. Na jana usiku kasema wikendi hii anakwenda Muheza.