Mabuku ya kuazimisha watoto wa vijijini: kufuli ao hasara?

Huku Lubumbashi, Kongo, hakukosi mtu anayekusanya mabuku ya watoto apeleke kwenye shule za vijiji, na kila mara watu wanagawanyika, wengine wanashangilia, wengine wanasema kwanza mlipe mwalimu. Mi nilikuwa kati ya wale wanaoshangilia, tena bila kufikiri sana, mpaka siku nilipoingia ofisi ya direktere mmoja huko barabara ya Kasenga (shule siitaji), nikakuta kabati ya chuma imejaa mabuku safi kabisa, picha za theluji na watoto wenye kofia za sufu, na kwenye daftari ya wanaoazima kuna majina 3 tu. Kufuli kubwa kama ya depo ya sementi. Nikamuuliza, akajibu bila hasira: “Mabuku ikipotea, ni mimi njo nitalipa, haiko wewe.”

Hapo simlaumu. Siku mabuku yalipofika alisaini karatasi yenye hesabu, inspekta akija ataulizwa yeye. Na toka masomo ya msingi yatangazwe bure mwaka 2019 madarasa yamejaa, mwalimu anashindwa hata kupita katikati ya benchi, halafu umwambie kila Ijumaa ahesabu mabuku nani kachukua nani karudisha, bila hata franka moja juu yake. Atakubali mbele ya wageni, wageni wakipanda gari anafunga. Usisahau na mchwa, sisi wa Katanga vichuguu vyetu vinapita nyumba kwa urefu, weka kabati ya mbao karibu na ukuta wa matofali mabichi uone kama mvua moja itaisha na mabuku bado yapo.

Sasa upande mwingine. Hiyo siku niliomba mtoto mmoja wa mwaka wa 4 anisomee kidogo kitabu chake cha darasani, akasoma vizuri sana, haraka, sauti ya juu, ila kidole chake kilikuwa kwenye mstari mwingine kabisa. Alikuwa ameshika kwa kichwa. Darasani mwalimu anaandika kwenye tablo, wote wanaitikia pamoja kama kwaya, tablo inafutwa, basi. Mtoto wa namna hii anahitaji buku nyumbani, alale nayo, airudie mara 10 mpaka herufi zizoeane na jicho lake, na hiyo kazi kabati haiwezi kuifanya hata ikijaa mpaka juu. Ndiyo maana mi naona kuazimisha ni lazima, kusomea pale pale chini ya macho ya mwalimu hakutoshi.

Kuna wanaosema dawa ni kumdai mzazi anayepoteza. Hiyo naikataa kabisa! Nilishaona mama anadaiwa pesa ya buku iliyolowa mvua, hana, akaona aibu, mtoto akakaa nyumbani wiki nzima. Buku yenyewe ilikuwa ya zawadi.

Halafu lugha, hapa ndipo wanaopinga wananibana zaidi. Mabuku mengi ya kutoka Ulaya ni Kifaransa cha mtoto wa Paris, na wa kijijini Kifaransa anakikuta shuleni tu, hata sheria ya masomo ya 2014 inakubali afundishwe kwa lugha za taifa. African Storybook wa Afrika Kusini wana hadithi za bure kwenye intaneti, Kiswahili kimo, unaruhusiwa kuprinti na hata kubadilisha maneno, kwa hiyo si lazima tungojee kontena. Ila ni Kiswahili cha Nairobi na Dar, mtoto wetu anasema bukari na mampa, atasoma ugali na mkate. Sioni kama ni shida kubwa, anaweza kujifunza yote mawili, lakini ningependa tuandike na hadithi za Kalulu, yule sungura mjanja, jinsi tunavyozisimulia huku, kurasa 16 zinatosha.

Kuhusu usafiri, Garissa kule Kenya wamepeleka mabuku kwa ngamia. Sisi tuna watu wa makala, yaani makaa ya kupikia, wanaingia mjini na kinga, yaani baiskeli, imepakiwa mpaka mtu haonekani, jioni wanarudi tupu njia ile ile. Wapewe kitu kidogo wabebe sanduku. Kidogo kweli lakini kilipwe.

Juzi nikarudi kwa yule direktere na wazo langu: kwenye karatasi ya kupokea tuandike wazi kwamba kwa mabuku 100, 20 yakipotea ao kuchanika mwaka huu hakuna wa kudaiwa, wala yeye wala mzazi. Akaisoma polepole, akageuza nyuma kuona kama kuna kingine, akacheka.

“Na kashe? Utaweka kashe?”

Sina muhuri wowote, mimi ni mtu tu. Karatasi iko mezani kwake, funguo iko mfukoni mwake, na sasa natafuta nani wa kuipigia hiyo kashe.