Sinia moja, nani anakula nini?

Kila linapotajwa suala la mlo kamili tunaonyeshwa picha ya sahani ya mtu mmoja: sehemu hii nafaka, ile samaki, iliyobaki mboga na matunda. Picha ni nzuri, lakini nyumba nyingi za Unguja na Pemba hazili hivyo. Wali unapakuliwa kwenye sinia, au mama anapakua sahani za nyumba nzima kutoka chungu kimoja, na mkono ulioshika upawa ndio unaoamua nani apate nini. Kwa hiyo naona mazungumzo yetu ya lishe yanarukia makundi ya chakula na kuliacha jambo zito zaidi, nalo ni kugawana.

Makundi yenyewe tunayo. Mwongozo wa chakula uliotolewa Tanzania Bara mwaka 2023 unayataja sita: nafaka, mizizi na ndizi mbichi; mboga; matunda; kunde, karanga na mbegu; vyakula vitokanavyo na wanyama; na mafuta. Lipi kati ya hayo halipatikani visiwani? Tuna muhogo, majimbi na shelisheli. Tuna choroko na mbaazi, kisamvu na matembele, na mtoriro unajiotea wenyewe. Matunda ndiyo usiseme: likiisha embe linakuja chungwa, na shokishoki na fenesi kila kimoja na msimu wake.

Sasa angalia chakula kinapopakuliwa. Baba anawekewa kipande kinono cha samaki changu, kwa heshima yake. Mgeni akiwepo anatangulizwa. Watoto wanafuata, na anayelia zaidi anaongezwa. Mama anakuja mwisho, na kilichobaki ni mkia, au mchuzi mtupu juu ya wali mwingi. Ukimuuliza atakwambia ameshiba, au leo samaki hamtamani. Nimewasikia wengi wakisema hivyo na sikuamini hata mmoja. Tena tunamsifu kwa hilo! Tunasema ni mke mwema, anajinyima kwa ajili ya wanawe.

Mwili wake hausikii sifa hizo. Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mwanamume mtu mzima anahitaji miligramu 8 za madini ya chuma kwa siku. Mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji 18, kwa sababu ya damu inayomtoka kila mwezi, na akiwa mjamzito anahitaji 27. Chuma kilichomo kwenye nyama na samaki hufyonzwa kwa wepesi kuliko cha majani na kunde. Basi yule anayehitaji zaidi ya mara mbili ndiye tunayemwachia mchuzi. Tatizo la upungufu wa damu kwa wanawake wetu lina sababu nyingi, malaria na minyoo zikiwemo, lakini hii iko jikoni kwetu, na kuiondoa hakuhitaji daktari.

Sisemi baba avunjiwe heshima. Tumefundishwa tangu wadogo kula kilicho mbele yetu. Basi kila anayekula na awekewe kitu mbele yake. Samaki akatwe vipande vya kutosha watu wote kabla sinia haijatoka jikoni, na cha mama kitengwe mapema, kifunikwe kawa. Siku ambayo kitoweo ni choroko au mchicha, kamua ndimu juu yake, kwani vitamini C inausaidia mwili kukipata kile chuma cha mimea. Chai ya rangi isubiri kidogo. Ikinywewa pamoja na chakula inakizuia chuma hicho kufyonzwa.

Jambo jingine liko sokoni. Kwetu mwenye kwenda na kikapu Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake mara nyingi ni mwanamume. Anarudi na mchele, nazi, samaki, nyanya na ndimu. Fungu la mboga analipita, kwa sababu machoni pake hicho si kitoweo. Pweza na jodari siku hizi tunagombania na mahoteli, na bei inaonekana. Dagaa, ambao huliwa na mifupa yao na hivyo kutupa madini ya chokaa, tunawaanika na kuwasafirisha hadi Kongo huku wenyewe tukiwaita chakula cha dhiki. Hilo linaniuma kweli. Na Ramadhani ikifika, futari ni muhogo, ndizi, viazi vikuu na tambi za sukari mkeka mmoja, wanga juu ya wanga, mboga ya majani huioni.

Mafunzo ya lishe anapewa nani? Mke, kliniki, akiwa na mimba. Anarudi nyumbani na elimu yote, lakini pesa ya kitoweo iko mfukoni mwa mume. Ningependa wahudumu wa afya wawafuate wanaume barazani baada ya Alasiri, kwenye kahawa na bao, na maimamu wawasaidie. Wawaeleze hiyo 8 na hiyo 18. Wawatajie na bei ya siku hiyo ya fungu la mchicha na kilo ya choroko, ili wakienda sokoni wajue cha kutia kikapuni.