Mimi, Mama Mkwe na Pazia la Karatu

Mtu akikuuzia "chumba cha familia", muulize kwanza: familia ya nani? Sisi tuliahidiwa kwenye simu chumba chenye sehemu mbili, na kreta ya Ngorongoro ikionekana dirishani. Hoteli yenyewe iko Karatu. Anayeijua Karatu ameshacheka: mji uko huku chini, nje ya hifadhi, na kreta iko ng'ambo ya ukingo wenye msitu. Labda dirisha liwe na mabawa.

Sehemu mbili zilikuwepo kweli. Huku kwa pazia na kule kwa pazia. Huku mimi, mke wangu na watoto. Kule mama mkwe.

Niwaeleze wasiooa. Huyu mama nikikutana naye kwenye korido ya nyumba yangu mwenyewe, narudi kinyumenyume mpaka nje. Meza moja tunakula Krismasi tu, na hapo lazima nipaliwe. Sasa tumetenganishwa na kitambaa kinachoishia magotini.

Nilikwenda mapokezi kuomba chumba kingine. Kijana akanijibu kwa upole mkubwa, "Vimejaa, mzee. Lakini pazia si lipo?"

Maji ya moto, tuliambiwa, yanachemshwa kwa kuni na yangefika saa mbili usiku. Yalifika saa saba, kwa kishindo, kwenye bomba ambalo watoto walikuwa wameliacha wazi. Bafu, bila shaka, lilikuwa upande wa kule. Nikakurupuka gizani na bukta yangu, nikajikwaa kwenye begi, nikashika cha kushika. Likashuka pazia lote na fimbo yake. Mke wangu, kwa nia njema kabisa, akawasha taa.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikiwa sakafuni.

"Marahaba," akajibu, amejifunika blanketi mpaka kichwani. "Vaa suruali, baba."

Usiku uliobaki niliumalizia kwenye gari. Dereva alinikabidhi funguo bila kuuliza kitu. Nadhani si mkwe wa kwanza. Baridi ya Karatu mwezi wa Juni sitaisimulia.

Asubuhi yule kijana wa mapokezi akauliza, "Mama, umelalaje?"

"Nimelazwa na mkwe wangu," akasema, kwa sauti iliyofika jikoni.

Tukapita geti la Lodoare, tukapanda msituni kimya kimya mpaka ukingoni, mita kama 2,300 kutoka usawa wa bahari. Dereva akanyoosha mkono: mita 600 hivi chini pale ndiyo sakafu ya kreta, kilomita za mraba zipatazo 260, kuna simba, kuna faru, kuna viboko. Kidole chake kilikuwa kimezama kwenye ukungu. Msimu wa baridi asubuhi ndivyo kulivyo, akasema, tusubiri jua lipande.

Mama mkwe akasogea mpaka kwenye kizuizi, akatazama kushoto, akatazama kulia, akajifunga khanga vizuri.

"Kwa hiyo, baba, nimelala chumba kimoja na wewe ili nije nione wingu?"