Bwana Harusi Yumo kwenye Flashi

Mimi na alama ya kuuliza hatukuwa na ugomvi. Shuleni niliikuta mwishoni mwa sentensi, nikajibu nilichojua, nikapata nilichopata, tukaachana salama. Leo ni mtu mzima, nina mke, watoto wawili na kiti kibovu kwenye steshenari moja ya Kariakoo ninapotengeneza kadi za harusi, na alama ya kuuliza imenifuata hadi hapa. Tena safari hii imekuja nyekundu.

Kwenye Photoshop, programu yangu ya kutengenezea picha, inakaa pembeni ya leya, yaani tabaka moja la kazi, ndogo kama kiroboto. Ikitokea, ujue faili ulilolilinki, yaani uliloliunganisha na kazi yako, halionekani. Ile ya njano, pembetatu yenye alama ya mshangao, ni nafuu: faili lipo, ila kuna mtu amelichezea, unaliambia lijisasishe yanaisha. Nyekundu ni msiba.

Ijumaa saa tatu asubuhi akaingia mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya harusi. Wiki tatu nyuma nilimfanyia kadi za mchango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kadi zako zilipendwa, hata wasiotoa mchango wamezisifia. Sasa tufanyie bango la ukumbini, mita tatu kwa mbili. Liwe hivyohivyo, ila tai ya bwana harusi iwe damu ya mzee, ndiyo sare ya kamati."

"Harusi lini mama?"

"Si kesho? Nakusubiri hapahapa."

Akavuta stuli, akafungua mkoba, akatoa karanga.

Nikafungua kazi yenyewe kwenye Photoshop. Hata haijamaliza kufunguka, taarifa hiyo: mafaili matatu hayaonekani. Bwana harusi, bibi harusi, na maua. Maua nikayapuuza, nani anakwenda harusini kuangalia maua. Lakini bwana na bibi wote wawili kupotea siku moja kabla ya ndoa, hata wazee wa mtaa wangeitisha kikao.

Mama akachungulia. "Si hao hapo, wanacheka?"

Na kweli, kwenye skrini wapo. Hapo ndipo programu hii inapokutia wazimu. Faili likipotea, inakubakizia sura ya mwisho iliyoiona. Ni kama yule bwana wa ofisini anayeacha koti kwenye kiti saa mbili asubuhi: ukimuulizia, "yupo, koti lake si hilo?" Yupo! Mpaka utake saini.

Kwa kadi, koti lilitosha. Kadi yangu ina urefu wa inchi saba, na kwa nukta 300 kila inchi zinakuja nukta 2,100 kwenda juu. Sasa zichukue hizohizo 2,100 uzitandaze kwenye mita mbili za bango. Kila inchi itaambulia nukta kama 27, na bwana harusi mwenyewe ni sehemu tu ya kadi, kwa hiyo ukumbini atafika akiwa vigae vya bafuni. Nilihitaji picha yenyewe ya kamera, ile ya nukta 6,000 kwa 4,000. Yaani nilihitaji mtu, siyo koti.

Utaniuliza kwa nini sikuipachika picha ndani ya kazi tangu mwanzo. Nilikuwa napachika! Nikaambiwa ni ushamba. Kijana mmoja aliyesomea mambo haya akanikuta kompyuta inahema, akasema, "Kaka, unaibebesha mizigo bure, linki." Kulinki kwenye Photoshop kumekuja mwaka 2014, mimi nimekufahamu juzi, nikakupokea kama aliyeokoka. Faili jembamba, kompyuta inapumua. Na faili la PSD, lile la kawaida la Photoshop, likipita gigabaiti mbili halikubali kuhifadhiwa, inabidi ugeuze liwe PSB, aina ya mafaili makubwa, na ukimpelekea PSB fundi wa mashine ya mabango anakutazama kama umempa noti ya nchi jirani.

Alichosahau kunieleza yule kijana ni kwamba ukilinki, kazi yako haina picha. Ina maelekezo ya kufika kwenye picha. Na maelekezo yenyewe ni yale ya kwetu uswahilini: shuka kituoni, pita kwa mama maandazi, kata kulia penye mwembe. Mama maandazi akihama na mwembe ukikatwa, mgeni analala njiani.

Sasa mwembe wetu kaukata mtoto wa bosi. Alikuja likizo, akasema kompyuta ni chafu, akaisafisha. Vyote vilivyokuwa dekstopu akavitupia kwenye folda aliyoiita Mambo ya Zamani. Folda ya Daunilodi akaimwaga, na pipa la taka akalimwaga pia, kwa bidii ambayo sijawahi kuiona akikosha kikombe.

Nikaanza na bibi harusi. Nikaigusa leya, nikasoma anwani kwenye paneli ya sifa. Jina la faili: samaki_mwisho_kabisa_2. Nikamtazama mama. Anatafuna. Nikakumbuka: siku ile nilikuwa namalizia bango la muuza sato, nikaingiza bibi harusi kwenye faili lilelile ili nimkate nywele, nikahifadhi bila kubadili jina. Wiki tatu nzima binti wa watu anaitwa samaki. Nikaandika nyota, nukta, psd kwenye kisanduku cha kutafutia ili yaje mafaili yote ya Photoshop, nikapanga kwa tarehe, nikamkuta ndani ya Mambo ya Zamani, katika folda mpya ya saba. Nikabofya kulia, nikamlinki upya. Alama ikatoka. Nikajisikia mshenga.

Bwana harusi sasa. Anwani yake inaanza na F. Nikaishiwa nguvu. C ni diski ya kompyuta. A na B zilikuwa za flopi, Mungu azirehemu. F kwangu ni flashi. Na flashi yangu nilimwazima shemeji yangu, dereva wa daladala ya Tandika, awekee nyimbo.

Kwa hiyo kwa wiki tatu bwana harusi amekuwa akienda Tandika na kurudi Kariakoo, ruti nzima, bila nauli, ndani ya redio. Redio ya gari inatafuta nyimbo tu. Ikikuta PSD inaipita kimya kama deni la jirani.

Nikampigia shemeji. Hapokei. Nikamwambia mama, "Nakuja sasa hivi," nikakimbia Gerezani. Magari matatu yakapita, la nne ndilo. Konda akanidaka mkono: "Panda anko, siti zipo!" Siti hazikuwepo.

"Nimefuata flashi."

"Ya nani?"

"Ya bwana harusi."

Akanisukuma ndani vilevile. Nikapenya hadi kwa dereva. "Shemeji, nipe ile flashi, nina mteja kakaa dukani."

"Shem, huu mwimbo abiria wanaupenda. Tukifika nakupa."

Nimesimama kutoka Gerezani hadi Tandika, shingo imekunjwa na paa, naitazama flashi inawakawaka taa ya buluu, najua humo ndani kuna mtu anatakiwa kuoa kesho. Na nauli nimelipa. Ya shemeji! Konda anasema undugu ni wa dereva, yeye anahesabu vichwa. Tulipofika nikaichomoa mwenyewe, taarabu ikakatika, mama mmoja nyuma akapaza sauti: "Nani huyo kazima? Hana mke?"

Kurudi nikapanda bodaboda. Nikachomeka flashi. Alama ya kuuliza haikutoka. Nikafuta macho, nikasoma: kompyuta imeipa flashi herufi G. Kwa nini G? Kwa sababu mama, wakati sipo, kamwomba yule mtoto wa bosi amchomekee flashi yake atoe kopi ya bajeti ya kamati, na bado ipo pale, imekaa kwenye F yangu. Flashi ileile, folda ileile, herufi tu, kumbe kwa kompyuta ni mtaa mwingine kabisa. Nikamlinki mwenyewe kwa mkono.

Nikafungua faili la bwana harusi nibadili tai. Nyekundu nyingine. Suti haipo!

Nieleze hapa. Bwana harusi alileta picha ya fulana. Wengi wanaleta picha ya fulana. Suti ninayo mimi, faili moja, nawavalisha wote. Iligombea udiwani mwaka 2020, ikashindwa, tangu hapo kazi yake ni kuoa tu. Imeshaoa mara tisa. Nikaifuata kwenye folda ya mabango ya kampeni, ipo, haijakunjika hata kidogo. Nikalinki, tai nikaipaka damu ya mzee, nikahifadhi. Huku kwenye bango pembetatu ya njano ikatokea. Nikaiambia ijisasishe, ikajisasisha. Saa tisa na nusu. Bango limesimama, bwana na bibi wanameta hadi kope.

"Mama, tazama."

Mama akasimama, akakung'uta maganda ya karanga kwenye kibodi yangu. Simu yake ikaita. Akasikiliza sana. "Ee. Ee. Haya."

Akaniambia, "Mwanangu, kamati wanasema sura kubwa hivyo zitatisha watoto. Zitoe. Yabaki majina na maua tu. Maua yawe makubwa, yajaze bango."

Nikaigusa leya ya maua. Ile nyekundu bado ilikuwa imekaa palepale. Anwani: folda ya Daunilodi.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?"