Kamati ya Maandalizi na Maji ya Lindisfarne

Njia ya Mtakatifu Cuthbert ina urefu wa takriban kilomita 100, inaanzia Melrose huko kusini mwa Scotland na kuishia katika kisiwa cha Lindisfarne kwenye pwani ya Northumberland, na mtu mwenye miguu ya kawaida huimaliza kwa muda wa wiki moja. Kamati yetu ya maandalizi ilitumia muda mrefu kuliko huo kukubaliana juu ya rangi ya skafu.

Tulikuwa waumini wa parokia moja, na kwa kuwa hatuwezi hata kununua mshumaa bila kuunda kamati, safari hii nayo ilipata Mwenyekiti, Katibu, Mama Mweka Hazina na wajumbe. Mimi nilikuwa mjumbe wa kawaida, cheo ambacho kazi yake ni kuunga mkono hoja na kupanga viti. Kila kikao kilifunguliwa kwa sala, kisha Mwenyekiti akatusimulia upya habari za Cuthbert: jinsi alivyoingia utawa pale Melrose mwaka 651, akawa askofu mwaka 685 na kufariki miaka miwili baadaye, jinsi jeneza lake lilipofunguliwa baada ya miaka 11, na watawa wakasema kwamba mwili haukuwa umeoza, na jinsi watawa hao walivyokimbia kisiwa mwaka 875 kwa hofu ya Waviking, wakazunguka na jeneza hilo kwa muda unaosimuliwa kuwa ni miaka saba. Mama Mweka Hazina alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, akanyoosha mkono na kuuliza ni nani aliyelipia malazi ya miaka yote saba. Swali lilihifadhiwa kwa ajili ya kikao kijacho.

Jambo la bahari, kusema haki, halikusahaulika. Katibu alilisoma jedwali la kupwa na kujaa kwa sauti, akatufafanulia kwamba Lindisfarne ni kisiwa kwa saa kadhaa tu, mara mbili kila siku, na kwamba maji yakishapwa unaweza kuvuka kwa barabara ya magari au kwa njia ya kale ya mahujaji, iliyowekewa nguzo ndefu katikati ya mchanga na tope. Alitukumbusha pia kwamba saa zinazotangazwa kuwa salama ni za barabara, na kwamba anayepita mchangani anashauriwa aanze wakati maji yangali yanapungua, ili afike ng'ambo kabla hayajaanza kurudi. Jumapili tuliyoichagua, maji yangepwa kabisa karibu na saa sita mchana. Mwenyekiti alifurahi kupita kiasi. "Ndugu wajumbe," alisema, "mnaona wenyewe kwamba hata bahari imeafiki ratiba." Tukapiga makofi.

Baadaye Mwenyekiti alialikwa arusini kama mgeni rasmi, siku ileile ambayo tungekuwa njiani. Kikao cha dharura kikaitishwa, na hoja ikaletwa kwamba safari isogezwe mbele kwa wiki moja, mengine yote yabaki kama yalivyo. Iliungwa mkono na kupitishwa kwa kauli moja. Vitanda vilisogezwa, mtu wa kubeba mizigo akasogezwa, basi dogo la kutuchukua kisiwani saa tisa alasiri likasogezwa, na Mama Mweka Hazina akafanikiwa kurudishiwa pauni ambazo wengine tulikwisha kuziombea rehema. Mtu mmoja tu hakupewa taarifa, naye ni mwezi wa angani, mwenye kuyavuta maji ya bahari. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Zidisha kwa siku saba, utapata karibu saa sita kamili, yaani pale palipokuwa na maji kupwa panakaa maji kujaa.

Ya njiani hayana mengi. Tulivipanda vilima vya Eildon siku ya kwanza, na hapo Mwenyekiti aliacha kuhutubia hadi siku ya tatu. Tulilala Kirk Yetholm, tukavuka mpaka kuingia Uingereza, tukapita Wooler, tukasali kwenye pango ambalo mapokeo yanasema watawa walipumzika humo na jeneza lao.

Jumapili tulifika ufukweni mapema, skafu shingoni, viatu vimefungwa kamba na kuning'inizwa mabegani kwa sababu tope la pale hupendeza zaidi kulikanyaga peku. Mbele yetu palikuwa na bahari. Haikuwa dimbwi wala kijito, ilikuwa bahari yenye mawimbi, na juu yake zilichomoza nguzo za mahujaji pamoja na kibanda kile cha miguu mirefu ambacho hutumiwa na walioshikwa na maji.

"Katibu, njia iko wapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Iko pale pale, Mwenyekiti. Iko chini."

Alitazama saa yake, akaitazama bahari, akaitazama tena saa, kisha akatangaza kwamba akidi imetimia na kikao kinaanza. Tulikaa kwenye nyasi tukajadiliana, huku tukila vyakula vilivyokusudiwa kuwa karamu ya kisiwani. Saa tisa basi letu dogo lilitokea nyuma yetu, maana nalo lilikuwa limezuiwa na maji yale yale, na dereva aliposhuka na kutukuta wote tumekaa upande wa bara tukiwa tumeshiba, alitupongeza kwa kurudi mapema.

Mama Mweka Hazina, aliyekwisha kuelezwa kwamba kungoja kunatozwa kwa saa, alipendekeza tuvuke kwa basi mara barabara itakapofunguka. Mwenyekiti alijibu kwamba Cuthbert hakupanda basi. "Wala hakulipia la kumsubiri, baba," alisema mama wa watu. Kura zilipigwa, miguu ikashinda kwa kura moja, na maji yalipopungua vya kutosha tukaingia mchangani tukifuata nguzo, tope likitufika magotini na skafu zikigeuka rangi ambayo kamati haikuwahi kuijadili. Katikati ya safari tulisikia sauti nzito zikiimba kutoka mbali, na Mama Mweka Hazina akasimama, akalalamika kwamba kuna kwaya ya parokia nyingine imetutangulia. Walikuwa sili, wanyama wa baharini, wamejilaza kwenye fungu la mchanga.

Kikao cha tathmini kilifanyika baada ya kurudi. Katibu, ambaye huandika kila kitu kwa kufuata kanuni, aliorodhesha waliohudhuria mkutano wa ufukweni, kisha wasiohudhuria kwa udhuru, na chini ya wasiohudhuria bila udhuru akaandika jina moja tu: Njia. Mwenyekiti aliusoma muhtasari wote kwa miwani yake, akauliza kama kuna masahihisho, hayakuwapo, akatia saini.