Ukimwambia binti asubiri, mpe na nauli

Mimba za wanafunzi zikitajwa huku Mwanza, watu hugawanyika palepale. Wazazi wengi na viongozi wa dini wanasema vijana wafundishwe kuacha ngono mpaka ndoa, basi. Ukimtajia mtoto wa miaka 14 kondomu, umempa ruhusa. Watu wa afya wanajibu kwamba ukimficha, atafundishwa na simu.

Wa kwanza wana hoja nzito kuliko wanavyobezwa. Mtoto wa umri huo kweli anapaswa kusubiri, na hata sheria iko upande wake. Ila hofu kwamba elimu inachochea ngono imeshapimwa hapahapa. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20 za vijijini mkoani Mwanza: 10 zilipata mafunzo, yakiwemo ya darasa la tano hadi la saba, na 10 zikabaki za kulinganishia. Waliofundishwa hawakuonekana kukimbilia ngono. Lakini watu wa afya nao wasishangilie, maana VVU na mimba havikupungua kwa kiasi cha kutajika. Vijana walijua mengi zaidi, maisha yakabaki yaleyale. Nako Marekani, tathmini ya 2007 ya programu za "subiri mpaka ndoa" ilikuta waliofundishwa na wasiofundishwa wakianza ngono katika umri uleule.

Kwa hiyo mimi naangalia zaidi nyumbani. Si kwamba wazazi hatusemi. Tunasema sana, ila kwa vitisho. Binti wa jirani akipita na tumbo, mama anamgeukia wake: "Umemwona yule? Na wewe endelea kuchekacheka na hao bodaboda." Mazungumzo yameishia hapo, na binti hajaulizwa kitu. (Wavulana hata hicho kitisho hawakipati.)

Halafu kuna geto. Shule ya kata ikiwa mbali, mzazi anampangia mwanafunzi chumba mtaani na kumwachia unga na dagaa wa wiki. Unga ukiisha Jumatano, bodaboda ana chipsi, na asubuhi ana lifti ya bure. Wakati huo mama yuko mwaloni anaanika dagaa, baba yuko ziwani. Binti huyu ameshaambiwa asubiri, kanisani na nyumbani. Pengine na kondomu anaijua. Anachokosa ni chakula cha Alhamisi na mtu mzima wa kugonga mlango saa mbili usiku.

Kwangu mimi, aambiwe yote mawili, kusubiri na kujikinga, na mzazi aanze yeye kabla ya mwalimu. Lakini mzazi anayeshikilia kusubiri peke yake ndiye anayedaiwa zaidi: nauli, pedi, chumba cha kukaa wasichana watatu kwa mama anayefahamika. Kwenye vikao vya wazazi tunabishana saa nzima juu ya michango ya uji na mitihani ya kujipima. Suala la nani analala wapi Jumatatu hadi Ijumaa sijaliona kwenye ajenda.